Nani Kachukua Dola Zangu 1,080?

Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia uchumi wa kati, ule wa chini. Pato la kila kichwa limefika dola 1,080 kwa mwaka, wakasema. Siku hiyo mimi nilikuwa kibarazani kwangu Tandika nabadilisha zipu ya suruali ya mgambo. Hakuna aliyekuja kuniambia, "Fundi, weka sindano chini, umeshakuwa wa kati." Nikasikia redioni, na mgambo mwenyewe akataka apunguziwe bei.

Sasa mimi ni mtu wa hesabu. Kushona ni hesabu. Ukikosea nusu inchi bwana harusi anasimama mpaka sherehe iishe. Nikapiga zangu: kwangu tuko vichwa saba, mara 1,080, jumla dola 7,560. Nikamwita mke wangu, nikamuuliza kwa upole kabisa, Mama Rehema, dola 7,560 za nyumba hii ziko wapi? Akanitazama kuanzia kandambili kwenda juu, akasema, "Baba Rehema, nenda kanunue mkaa."

Nina mpwa wangu anasoma uchumi chuo kikuu. Huyu kila Jumapili anakuja kunisalimia, na salamu zake zinakuwaga saa saba mchana. Nikamkabidhi suala. Akaniambia, "Mjomba, ni rahisi. Unachukua wanachotumia wananchi, unajumlisha uwekezaji, unajumlisha matumizi ya serikali, halafu unajumlisha tunachouza nje, unatoa tunachonunua nje." Aliyasema hayo anachota wali sahani ya tatu. Nikamwambia kwa hesabu za nyumba hii yeye yuko upande wa kutoa.

Nikataka kujua kwa nini cha nje kinatolewa, maana mimi nimekilipia kwa hela yangu halali. Akasema ndiyo maana kinatolewa: ukinunua shati la mtumba limeshaingia kwenye matumizi yako, lakini halikutengenezwa hapa, kwa hiyo lazima waliondoe wasije wakalihesabia taifa jasho la mtu mwingine. Sawa. Nikakuta kwamba karibu kila kitu ninachogusa tangu asubuhi kinaondolewa. Ngano ya chapati imetoka ng'ambo. Mafuta ya kuipikia, kama si alizeti ya Singida, ni mawese ya huko Malaysia na Indonesia. Sindano China, uzi China. Mwaka 2023 dola ilipoadimika mjini, uzi ulipanda bei mpaka nikawa nakata nyuzi kwa huruma.

Na suruali ninazozishika? Mitumba watupu.

Juzi kijana kaniletea jinzi kutoka kwenye belo, kiuno inchi 44. Yeye mwenyewe kiuno chake 29. Mfukoni nyuma nimekuta kirisiti kimefuliwa mpaka maandishi yamehama, kimebaki herufi tatu na alama ya dola. Lebo inasema imeshonwa Bangladesh. Pamba ya kwetu Simiyu na Shinyanga nayo inapandishwa meli kwenda huko huko Asia ikiwa marobota, kwa sababu viwanda vyetu vinatumia sehemu ndogo tu. Yaani inawezekana kabisa hilo jinzi lilianza safari Bariadi, likashonwa Bangladesh, likavaliwa Marekani na mtu mwenye tumbo lake, likatupwa, likafungwa belo, likaja bandari ya Dar es Salaam, likaishia kwangu. Na katika safari yote hiyo, aliyelipwa kidogo kuliko wote ni yule wa mwanzo na mimi wa mwisho.

Mpwa akanifariji. Akasema suruali ikiingia bandarini ni kutoa, lakini kazi yangu ya kuipunguza kiuno ni kujumlisha, imefanyika hapa nchini. Nikafikiri kidogo. Maana yake kila ninapokata tumbo la Mmarekani, pato la taifa linapanda. Miaka yote hii nalipandisha hapa kibarazani na mwenye nyumba bado ananidai kodi.

Hao wa nchi za mbali ndio wanaonichosha. Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikaa Arusha wakakubaliana mitumba iondolewe ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Mafundi wa Tandika tukatembea kifua mbele. Tukawa tunawasalimia wauza mitumba kwa sauti ya kuaga. Kumbe huko Marekani wafanyabiashara wa nguo kuukuu wamekwenda kulia kwa serikali yao kwamba tunawaua. Serikali yao ikatuonyesha AGOA, ile sheria yao ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru, ikasema mkikataa mitumba na sisi tutaangalia upya. Kenya ikajitoa mapema, inawauzia nguo nyingi. Sisi na Uganda tukafuata kimyakimya. Rwanda peke yake ikang'ang'ana, na Julai 2018 nguo zake zikafungiwa mlango. Taifa kubwa lote lile, lenye ndege za kivita, lilikuwa linapigania haki ya kunivalisha suruali iliyokwisha valiwa.

Jirani yangu muuza mitumba alikuja kunicheka. "Fundi, zingeisha ungekula nini wewe, si unaishi kwa kupunguza?" Nikamwambia ningeshona mpya. Akauliza, kwa kitambaa cha wapi? Nikakanyaga cherehani, mtu hasikiki vizuri ikiwa inaenda.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu: Urafiki, kiwanda cha pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Siku hizi China imeona kutuma kiwanda ni kuzunguka, inatuma kitambaa moja kwa moja.

Halafu angalia tunachowapa wa mbali. Dhahabu, ndiyo inayoongoza kwa kuingiza fedha za bidhaa tunazouza nje. Inachimbwa Geita huko, inapanda ndege. Mpwa anasema faida ya wenye mitaji wa nje inahesabiwa kwanza kwenye pato la ndani, halafu inaondolewa ndipo unapata ile 1,080. Nikamwambia hapo sasa umeanza kutaja watu, endelea. Akaomba maji. Korosho ya Mtwara na Lindi, nyingi inakwenda India na Vietnam na ganda lake, kubanguliwa kunafanyika huko. Hata ganda tunalilipia nauli! Mtu anasafirisha takataka kuvuka bahari ya Hindi ili mwenzake apate ajira ya kuitupa.

Majirani ni habari nyingine. Majirani wana kelele. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivuka kutoka Kenya pale Namanga, sisi tukavichoma moto vyote tukisema ni kuzuia mafua ya ndege. Kifaranga wa siku mbili hajui hata kwamba kuna mpaka! Machi 2021 Kenya nayo ikasema mahindi yetu na ya Uganda yana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, hayaingii. Malori yakalala mpakani, siku chache baadaye wakafungua kwa masharti, na Mei Rais Samia akaenda Nairobi kuweka mambo sawa. Aprili 2025 ikawa zamu ya Malawi na Afrika Kusini: wamekataa ndizi na mazao yetu mengine, na sisi tukazuia ya kwao. Wiki haijaisha vizuri, watu wameshaanza kuzungumza. Wazee wanakumbuka kubwa kuliko hizi: Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Leo jumuiya imefika nchi nane, Kongo imeingia 2022 na Somalia 2024. Ugomvi nao umepata wanachama wapya.

Lakini nitasema ukweli hata kama unaniuma. Jirani akija, ananunua kitu kilichopita mikononi mwa mtu. Ananunua unga, sabuni, saruji, vigae. Kuna mama mmoja wa Lubumbashi, Kongo, hushukia Kariakoo kuchukua mzigo, na kila akija lazima afike kwangu na vitenge vyake. "Papa fundi, minataka ya mabega ya juu." Yule hajawahi kuniambia nimpunguzie kiuno. Anataka kitu kipya, mikono ya puto, shingo ya kufungwa, kesho jioni kiwe tayari kwa sababu basi linaondoka. Ananisumbua, anakataa kola mara mbili, analipa. Dada yake akiona gauni anaagiza la kwake. Wa India hajawahi kunipigia simu kuulizia korosho nyingine yenye mabega.

Hata foleni nimeambiwa ni pato. Nikipita barabara ya Mandela nakutana na malori ya Zambia na Kongo yamejipanga kutoka bandarini, daladala haisogei, konda kashuka kanunua mihogo kaila kamaliza. Mpwa anasema mizigo ya majirani kupita kwetu ni sawa na kuuza huduma nje. Kwa hiyo zile saa mbili za jasho nilikuwa nimebanwa katikati ya mauzo ya nje, na bosi wa kitambaa Kariakoo akafunga duka.

Anayenimaliza ni shemeji yangu, kaka yake Mama Rehema, mkulima wa mpunga Kahama. Zamani simu yake ilikuwa inaita nasema mwambie sipo. Sasa wanunuzi kutoka Uganda na Rwanda wanamfuata mpaka shambani, hela mkononi, gunia halijashonwa. Bei imepanda Kahama, na mchele wa Tandika umesikia nao umepanda. Mwaka 2023 kilo ilipita elfu tatu nikaanza kumhesabia mpwa vijiko. Nikampigia shemeji, nikamwambia nyie ndio mnatuua mjini, serikali ifunge mpaka tule kwanza. Akanijibu taratibu kabisa: "Shemeji, 2017 mahindi yalipozuiwa kutoka nje ya nchi, ya kwangu yalikaa ghalani yakaliwa na dumuzi. Ulinipigia kunipa pole?"

Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya.

Na hela zile kazifanyia nini? Kanunua pikipiki, ya India. Kaweka sola, ya China. Yaani Mganda kaleta kwa mkono huu, Mhindi na Mchina wamechukua kwa mkono ule, pale Kahama zimebaki bati na kreti za soda za kupongezana. Mpwa kachora mishale kwenye daftari langu la vipimo, mishale ya kuingia na ya kutoka, mpaka vipimo vya bibi harusi wa Jumamosi sivisomi tena.

Jana shemeji kapiga mwenyewe. Anaoza binti yake, anataka suti. Moyo ukanidunda: kazi ya suti, ya mtu mwenye hela! Nikavuta daftari, nikamwambia taja kifua, taja mabega. Akasema hapana shemeji, suti nimeshaipata, mtumba safi kabisa, grade one, ila mikono inanizidi na koti linafika magotini. Ameshalipakia kwenye basi la usiku. Nipunguze, nirudishe Ijumaa, sisi ni ndugu hatuwezi kuongea habari za malipo, na nauli ya kifurushi nikimalizana na konda pale stendi itakuwa vizuri.