Gari la zimamoto liliishiwa maji, halikuja tupu

Soko likiungua katika mji wa wilaya, lawama ni ileile: zimamoto wamekuja bila maji. Wakati mwingine ni kweli, na hapo hakuna utetezi. Gari hujazwa kabla ya kurudi kituoni, na kila asubuhi zamu inayoingia hupima maji, huwasha pampu, hukagua mafuta na betri. Kikosi kilichoruka hatua hizo kimestahili matusi yake.

Lakini mara nyingi gari lilikuja limejaa, likaishiwa mbele ya macho ya watu. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja wa kuzimia hutoa kama lita 400 kwa dakika, kwa hiyo maji yanakwisha kwa dakika 12 na nusu. Ukifungua mipira miwili, dakika sita na ushee. Banda moja litazimika. Safu ya vibanda vya mbao vilivyobanana, vimejaa magodoro na mafuta ya taa, haizimiki kwa dakika sita. Dereva anaondoka kwenda kujaza, na hapo ndipo mawe yanaporushwa, kwa kuwa watu wanaona gari linakimbia moto.

Na anajazia wapi? Bomba linalotoa lita 120 kwa dakika litachukua zaidi ya dakika 40, bila kuhesabu njia. Dakika 40 za kujaza, 12 za kuzima: pengo hilo ndilo linalomaliza masoko, hata askari wawe hodari namna gani. Mtoni maji yapo, ila pampu haivuti vizuri yakiwa zaidi ya mita saba chini yake. Kiungo cha mpira wa kunyonya kikilegea, au washa yake (pete ya mpira inayoziba kiungo) ikichakaa, pampu inavuta hewa na kuunguruma tu. Tope nalo huziba chujio.

Visima vya zimamoto vya barabarani, yaani matoleo ya bomba la mji yenye mfuniko wa chuma, greda limevifukia kwa kifusi au mwenye duka amejenga baraza juu yake. Kikionekana kimoja, usiku huo kuna mgao wa maji.

Wakosoaji wanauliza, na wana haki: mbona ada za zimamoto za ukaguzi wa majengo zinafuatiliwa kwa bidii kuliko visima hivyo? Sawa. Ila tangu sheria ya Tanzania ya mwaka 2007 ilipoweka zimamoto kuwa jeshi moja, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, halmashauri nyingi zimejiweka kando: soko lao, ushuru wao, moto wa Jeshi.

Tangi la zege la lita 50,000 chini ya soko lingelisha mpira mmoja kwa saa mbili. Tundu la kuvutia maji liwe nje ya uzio, kiungo chake kilingane na cha gari lililopo wilayani (hili husahaulika sana), na ufunguo usikae kwa mlinzi peke yake. Saa nane za usiku, huenda yeye ndiye wa kwanza kukimbia.