Kabla ya Kununua Kalipa Kubwa

Mtu ana gari la kwendea kazini, na siku mojamoja analipeleka kwenye uwanja wa mbio. Baada ya mizunguko minne mitano breki zinalegea. Ushauri wa kwanza anaopewa ni wa kung'oa kalipa za kiwandani, yaani vibanio ambavyo pistoni zake husukuma pedi zishike diski ya gurudumu, na kufunga seti kubwa ya pistoni sita na diski pana. Una sababu zake, lakini hutolewa mapema mno. Njia ya pili, ya kubaki na kalipa zilezile ukabadilisha pedi na mafuta ya breki na kupeleka hewa kwenye diski, hudharauliwa kama njia ya mtu aliyeishiwa.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, breki humeza takribani kilojuli 540. Gari hilohilo likishuka kutoka 200 hadi 80 kabla ya kona, ni kilojuli 1,800 hivi, na bado halijasimama. Diski hazijapoa, kona nyingine hiyo.

Ukikanyaga kwa nguvu ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ikaamka, ujue nguvu ya kushika unayo tayari. Kinachoamua gari lisimame wapi ni tairi na lami, na katika mkanyago huo mmoja kalipa kubwa haikupunguzii hata mita. Shida ya uwanjani ni joto, na mguu wako unaweza kukuambia limeharibu wapi. Kanyagio likibaki gumu lakini gari halipungui, pedi zimezidiwa. Likiwa laini na kuzama, mafuta yamechemka na kutoa mvuke, nao mvuke hubonyea.

Hapo ndipo kuna hesabu inayonisumbua. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzijoto 230. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango kinachokubalika ni 155. Nyuzi 75 zimepotea, wala hakuna tone lililovuja wala taa iliyowaka. Unyevu huingia polepole, hata gari likiwa limeegeshwa. Nimewahi kukanyaga mwishoni mwa njia iliyonyooka, kanyagio likaenda hadi sakafuni. Nilipampu mara tatu ndipo likashika. Nilipofungua nati ya kutolea upepo, mrija ulijaa mafuta ya kahawia yenye vipovu vidogo, kisha yakaja ya manjano mangavu, na kanyagio likapanda. Mafuta yale ya zamani yangechemka hata ndani ya kalipa ya pistoni sita, pengine mizunguko michache baadaye. Yapo mafuta ya mbio yanayovuka nyuzi 300 yakiwa mapya, ila yanataka kubadilishwa mara kwa mara.

Pedi ndizo zinazohitaji uvumilivu. Pedi ya mbio ikiwa baridi haishiki vizuri, hupiga kelele na hula diski. Asubuhi kwenye makutano ya kwanza ni hatari. Kwa hiyo mimi naona bora seti mbili, ubadilishe kabla ya siku ya uwanja na kuzizoesha diski upya. Ni kazi ya mikono, sikatai.

Wanaotetea seti kubwa wana hoja nzito moja: diski yenye uzito zaidi hupokea joto lilelile bila kupanda sana, na pedi nene hudumu. Kalipa za kiwandani zinazoteleza, zile zenye pistoni upande mmoja tu, nazo huweza kula pedi upande kama kabari. Gari zito lenye injini kali na tairi laini litafika mahali ambapo pedi nzuri na mafuta mapya havitoshi. Lakini ukikuza pistoni za mbele peke yake, kazi ya nyuma hupungua, na gari linaweza hata kuchelewa kusimama. Pampu ya breki ni ileile, kwa hiyo kanyagio husafiri zaidi. Rimu zako huenda zisizipite kalipa. Na diski za matundu, kwa joto la uwanjani, nyufa huanzia kwenye matundu hayohayo.

Vipo vibandiko vya kupimia joto, hubandikwa kwenye kalipa na hubadilika rangi. Ukishaweka mafuta mapya, pedi za uwanjani na mirija ya hewa, kisha kibandiko bado kikakaribia kiwango cha kuchemka cha mafuta yako, diski kubwa zinunue.