Shetani wa Tasmania: wachanjwe, au waachiwe kinga yao?

Kwa kawaida saratani hufa na aliyeugua. Kisiwani Tasmania, Australia, ipo inayohama. Shetani wa Tasmania, mnyama mla nyama anayebeba watoto wake katika mfuko, huumana usoni wakigombea mzoga au jike, na seli hai za uvimbe hutoka kwa mmoja zikaota kwa mwingine. Tangu ugonjwa huu uonekane mwaka 1996, umefyeka wengi wao, na baadhi ya maeneo yamepoteza zaidi ya asilimia 80.

Kwa nini mwili usiziue seli za mwenzake? Mwanzoni lawama ziliangukia undugu: shetani wamefanana mno kijeni, ikadhaniwa hawatambuani. Dhana hiyo ilivunjika watafiti walipompandikiza mmoja ngozi ya mwingine, nayo ikakataliwa. Mwaka 2013 hila yenyewe ikajulikana. Seli za uvimbe huficha protini ambazo karibu kila seli ya mwili huzionyesha kama kitambulisho. Jeni zake ni nzima, zimezimwa tu, na zikichokozwa kwa intaferoni gama, kemikali ambayo seli za kinga hutumia kupeana ishara, huwaka tena.

Hapo ndipo hoja ya chanjo inaposimama: washa vitambulisho maabara, kisha ufundishe mwili kuvitambua. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2017 yalitia moyo. Kati ya shetani watano waliochanjwa, kisha wakatibiwa kwa seli zilizowashwa, uvimbe uliyeyuka kwa watatu. Ila watano ni wachache mno, na hao walikuwa kizuizini. Waliochanjwa wakaachiliwa porini walitengeneza kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na ugonjwa, na bado baadhi yao waliugua.

Upande wa pili unasema tuache pori lifanye kazi yake. Nao si wavivu wa kufikiri. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba jeni za shetani, zikiwemo zinazohusika na kinga, zilibadilika ndani ya vizazi vichache tu. Mwaka huohuo wengine waliwapata shetani wa porini wenye kingamwili ambao uvimbe wao ulinywea bila dawa. Utafiti wa mwaka 2020 ukakadiria kwamba mgonjwa mmoja, aliyekuwa akiambukiza wastani wa watatu na nusu, sasa huambukiza takriban mmoja. Ukiwachanja wote, hofu yao ni kwamba wenye kinga dhaifu watazaa sawa na wenye kinga imara. Kuwaingiza porini waliofugwa mbali na ugonjwa kunaweza kuzimua kinga iliyonunuliwa kwa vifo vingi.

Mfano wa mbwa unawapa nguvu. Mbwa wana saratani yao inayopita kwa kujamiiana, iliyoanza kwa mbwa mmoja maelfu ya miaka iliyopita na leo iko karibu dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo. Nayo huficha vitambulisho mwanzoni. Lakini seli za kinga zikishaingia ndani ya uvimbe, vitambulisho hurudi, na mara nyingi uvimbe hunywea. Mbwa wameishi nao bila kutoweka. Lakini mbwa ni mamilioni, wana watu wa kuwatunza, na daktari wa mifugo ana vinkristini, dawa ya saratani. Shetani hana hata kimoja kati ya hivyo.

Mimi naegemea kuuacha ugonjwa wa kwanza mikononi mwa shetani wenyewe, hasa kaskazini-mashariki ulikoanzia. Kinachonitisha ni wa pili. Mwaka 2014 iligunduliwa saratani nyingine ya usoni, kusini-mashariki mwa kisiwa, yenye asili tofauti kabisa: ya kwanza ilitoka kwa jike, hii kwa dume. Nyingi ya seli zake bado zinaonyesha vitambulisho, ingawa hasa vile ambavyo shetani wengi wanavyo. Zikija kujifunza kujificha kama za ndugu yake, nafasi itakuwa imepita, na wanyama wa huko hawajapata vizazi vya kutosha kuzoea.

Chanjo inayotengenezwa sasa imekusudiwa kuwekwa ndani ya chambo. Kisiwa kizima ni kikubwa mno, na wanyama wengine huvila vyambo kabla ya shetani kufika. Ukanda mdogo wa kusini-mashariki unaweza kufuatiliwa, kwa hiyo dozi za kwanza zingepelekwa huko.