Kadi ya tisa isubiri

Mwambie afisa wa mradi wa shirika lisilo la kiserikali pale Kilimani, Nairobi, kwamba kuanzia Jumatatu timu itafuata mbinu za ajaili (agile), yaani namna ya kupanga kazi kwa vipindi vifupi iliyoanzia kwa watunga programu za kompyuta, naye atasikia jambo moja tu: tunaongezewa mwendo. Simlaumu. Neno lenyewe lina maana ya wepesi, na kipindi cha kazi cha wiki 2 huitwa sprinti, yaani mbio. Tena tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, wengi waliosalia kazini wamerithi pia majukumu ya wenzao walioachishwa, na uchovu wa kazi unawanyemelea.

Hata hivyo, ajaili haikukusudiwa kukimbiza watu. Miongoni mwa kanuni zinazoandamana na ilani yake, iliyoandikwa Snowbird, Utah, mwaka 2001, imo inayotaka wote wanaohusika waweze kudumisha mwendo uleule bila kikomo. Wanaoleta ajaili ofisini hawaizungumzii sana kanuni hiyo, nami naiona ndiyo ya kwanza kwa mashirika yetu.

Chukua ubao wa kanbani, uliotokana na viwanda vya Toyota na unaotumiwa na timu nyingi za ajaili. Kila kazi huandikwa kwenye kadi, na ubao una safu tatu: kazi zinazongoja, zinazofanywa, zilizokwisha. Uzito wake uko kwenye nambari iliyoandikwa juu ya safu ya kati. Ikiwa ni 8, kadi ya tisa haiingii mpaka moja itoke.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kanuni ya foleni inayotupa hesabu yake. Timu inayomaliza kazi 4 kwa wiki, ikiwa imeanza kazi 20, kila kazi hukaa mezani wastani wa wiki 5. Zikiwa 8, hukaa wiki 2. Watu ni walewale na saa ni zilezile. Na hizo 20 ni nini? Ni ripoti ya robo mwaka iliyofika nusu, madodoso ya Mathare yaliyojazwa lakini hayajaingizwa kwenye kompyuta, risiti za warsha zinazodaiwa na mhasibu. Afisa hulala nazo zote 20 kichwani. Ni kweli zile 12 zilizoondolewa hazijatoweka, zinangoja. Lakini zinangoja ukutani, mbele ya mkurugenzi, wala si kwenye WhatsApp ya mtu mmoja Jumamosi usiku.

Ndiyo maana nashikilia nambari ile. Shirika la Afya Duniani lilipoueleza uchovu wa kazi (burnout) mwaka 2019, lilisema unatokana na msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa vyema. Chanzo kimewekwa kazini. Na Herbert Freudenberger, aliyeandika kuuhusu mwaka 1974, aliushuhudia katika zahanati ya bure jijini New York, kwa watu waliokuja kwa kujitolea. Mtu wa namna hiyo hakatai kazi. Akihitaji kusubirisha jambo, nambari humsemea.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mkataba wa mfadhili wa miaka 3, wenye shabaha zilizokwisha kutiwa sahihi, hausogezwi na kadi. Kikao kifupi cha ajaili cha dakika 15 kila asubuhi kinaweza kugeuka mahojiano. Mama aliyepigwa akibisha mlango, huwezi kumwambia safu imejaa, kwa hiyo timu za namna hiyo ziweke nambari chini ya uwezo wao ili nafasi ibaki. Na ubao hauzibi pengo la mshahara, wala siku 21 za likizo zilizo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007. Mkurugenzi akiibandika kadi ya tisa kwa mkono wake mwenyewe, wafanyakazi hawatauamini ubao tena, na watakuwa na haki.

Kwa sababu hiyo ningeanzia juu, kabla ya kuwafundisha maafisa chochote. Mfadhili akiomba ripoti ya ziada katikati ya mwezi, aonyeshwe ubao, kisha mkurugenzi amuulize kadi ipi itoke.