Rice Alipiga Chuku, Lakini Uongo ni Shtaka Jingine

Seneta Barbara Boxer wa California hakuumauma maneno. Tarehe 18 Januari 2005, mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti ya Marekani, alimwambia Condoleezza Rice kwamba utiifu wake kwa kazi aliyopewa, kazi ya kuvinadi vita vya Iraq, ulizidi heshima yake kwa ukweli. Rice alikuwa Mshauri wa Usalama wa Taifa wakati vita vile vikiandaliwa, hoja kubwa ikiwa kwamba Iraq inatafuta bomu la nyuklia, na sasa Rais George W. Bush alikuwa amemteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alijibu kwamba hajawahi hata siku moja kupoteza heshima yake kwa ukweli kwa ajili ya jambo lolote, akaomba uadilifu wake usitiwe doa. Wiki moja baadaye Seneta Mark Dayton wa Minnesota alivuka hata pale alipoishia Boxer: alisema hapendi kudanganywa mara kwa mara, waziwazi na kwa makusudi.

Niseme mapema nilipo. Vita vile naviona kosa kubwa, na sijabadili mawazo. Lakini kwa hili la uongo namtetea Rice, kwa sababu aliyekosea, mpiga chuku na mwongo ni watu watatu tofauti. Mwongo anajua ukweli uko wapi, kisha anakuelekeza kwingine. Ukimwita mtu hivyo, ni juu yako kuonyesha alichokuwa akikijua siku ile aliposema.

Ushahidi mzito wa washtaki ni mirija ya alumini. Iraq iliagiza mirija migumu yenye kipenyo cha milimita 81 na urefu wa sentimita 90, unene wa ukuta milimita 3.3 hivi. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilisema ni ya mashine za kurutubisha urani, yaani kuifanya ifae kwa bomu la nyuklia. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, watu wanaozijua mashine hizo kwa kazi ya mikono yao, walisema hapana: mrija mwembamba mno, ukuta mnene mno, na vipimo vyake ni vilevile vya roketi za milimita 81 ambazo jeshi la Iraq lilikuwa nazo tangu zamani. Tarehe 8 Septemba 2002 Rice alikaa mbele ya kamera za CNN akasema mirija ile inafaa hasa kwa mradi wa nyuklia tu. Katika mahojiano hayohayo akatoa kauli iliyobaki vichwani mwa watu, kwamba Marekani haiwezi kungoja ushahidi uje kwa sura ya wingu la uyoga, yaani mlipuko wa bomu la nyuklia.

Je, alijua? Mwaka 2004 mwenyewe alikiri kwamba alifahamu kulikuwa na mabishano juu ya mirija, ila hakujua hasa yanahusu nini. Hapo ndipo utetezi wangu unapobanwa, na sitaki kulikwepa. Anayejua kwamba wataalamu wanabishana, kisha akaiambia nchi nzima "tu", amepiga chuku kwa jambo ambalo watu watalifia. Hata hivyo aliamini upande mmoja wa mabishano, na upande huo ulikuwa wa shirika kuu la ujasusi la nchi yake, chini ya mkurugenzi wake George Tenet. Kuamini upande ulioshindwa baadaye hakumfanyi mtu kuwa mwongo. Kosa lake ni kuificha shaka, na kwa mshauri wa rais ni kosa kubwa, maana kazi yenyewe ni kuifikisha shaka mezani.

Kuna pia kauli ya Julai 2003, aliposema kwenye televisheni ya PBS kwamba hakuna aliyewahi kusema Saddam Hussein, rais wa Iraq, angepata bomu mwaka unaofuata. Bush mwenyewe, akiwa Cincinnati Oktoba 2002, alisema huenda ikachukua chini ya mwaka. Boxer alizisoma kauli hizo mbili moja baada ya nyingine, na alikuwa na haki. Hapo sina la kumtetea Rice zaidi ya kusema kwamba kumbukumbu inayomfaa mwenyewe bado haijawa njama.

Habari ya urani ya Niger, yaani dai kwamba Iraq ilitafuta kununua urani huko, naipita haraka, kwa kuwa Tenet na Stephen Hadley, naibu wa Rice, walikiri makosa yao. Linaloniuma ni kwamba katika hotuba ya Januari 2003 Bush alisema "Afrika" tu, kana kwamba bara zima ni duka moja la madini.

Sasa tuwageukie waliokuwa wakihukumu. Mwanzoni mwa Oktoba 2002 maseneta walipewa tathmini ya ujasusi yenye kurasa zaidi ya 90. Pingamizi kuhusu mirija lilikuwa humo ndani. Wachache sana waliisoma yote. Bob Graham wa Florida aliisoma, akapiga kura ya kukataa vita. Maseneta 77 waliunga mkono vita, John Kerry na Joe Biden wakiwemo. Ikulu nayo ilieleza baadaye kwamba Bush na Rice hawakuisoma yote. Huu ni uzembe wa kutisha kwa pande zote mbili, na neno "uongo" linaufunika: ukishasema ulidanganywa, hakuna atakayekuuliza kwa nini hukusoma.

Hasira ya Boxer naielewa. Yeye alikataa vita tangu mwanzo. Kufikia siku ya kikao wanajeshi zaidi ya 1,300 wa Marekani walikuwa wamekufa, mbali na Wairaqi wengi kuliko hao, na ripoti ya Oktoba 2004 ilikuwa imethibitisha kwamba mradi wa nyuklia wa Saddam ulikwisha mwaka 1991. Tarehe 26 Januari, siku Rice alipothibitishwa kwa kura 85 dhidi ya 13, helikopta ilianguka magharibi mwa Iraq na kuua Wamarekani 31.

Lakini kwa kulivuta suala kwenye heshima ya mtu, shtaka lilimpa Rice nafasi ya kutetea heshima yake, na mirija ikasahaulika. Swali lililohitajika lilikuwa dogo na gumu: ulijua wataalamu wanabishana, kwa nini hukutuambia Septemba ile?

Russ Feingold wa Wisconsin alikataa vita mwaka 2002, na mwaka 2005 akampa Rice kura yake. Ningepiga kura kama yeye, baada ya kumuuliza Rice swali hilo na kumsubiri ajibu.