Ya Mjerumani Imevuta Mchele

Mimi hukusanya sarafu za zamani, na kwa Tabora jambo hilo ni bora ulifanye kimyakimya. Mtu akisikia "sarafu ya Mjerumani" hawazi historia, anawaza V8.

Niliipata kwa kijana wa vyuma chakavu, kwa bei ya soda na andazi. Heleri 20 ya mwaka 1916: upande mmoja taji na herufi D.O.A. (kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Mjerumani), na chini ya mwaka T ndogo ya Tabora. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto Waingereza waliziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikawa haziingii, basi Wajerumani wakajitengenezea zao hapahapa, kwenye karakana ya reli, kwa shaba na maganda ya mizinga. Walitengeneza nyingi mno. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji, shughuli ikaishia hapo. Ni sarafu tamu kwa anayependa mambo ya kale, lakini tairi la bajaji hainunui.

Hayo yote nilimweleza baba mdogo. Kwa uungwana tu nikaongeza kwamba yenye bei ni ile ya rupia 15, ya dhahabu ya mgodi wa Sekenke, yenye picha ya tembo. Katika maelezo yote hayo yeye alisikia maneno mawili: dhahabu, tembo.

Kesho yake dalali yuko sebuleni, suti ya kahawia, viatu vya kuchongoka, na kilo ya mchele kwenye mfuko wa kaki.

"Kijana wangu, sarafu ya Mjerumani ya kweli huvuta mchele."

"Mzee, shaba haivutwi hata na sumaku, mchele utatokea wapi?"

Hakunijibu, akaomba sinia.

Kumbe shangazi, aliposikia tuna mgeni wa biashara, alikuwa ameitoa sarafu kwenye bahasha yake, akaisugua kwa majivu na ndimu mpaka weusi wa miaka mia na zaidi ukatoka wote (wakusanyaji wenzangu, nipeni pole), kisha akaipaka mafuta yake ya nywele ili ing'ae. Dalali akaigusisha kwenye mchele, akaiinua. Punje zimeganda pande zote, sarafu imeota ndevu.

"Mama yangu!" akaruka.

"Ni mafuta ya nywele!" nikasema.

"Anaogopa kugawana huyu," baba mdogo akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani.

Bei ilianzia milioni 20, sijakaa vizuri ikawa 80. Hela zote ziko kwa tajiri mmoja ambaye simu yake haipatikani. Kwa sasa ilitakiwa laki mbili tu, ya mafuta ya gari la wataalamu. Baba mdogo akaanza kupekua mifuko. Yangu.

Dalali akaamuru sarafu izikwe katikati ya mchele, ifunikwe kanga, isiguswe mpaka wataalamu wafike. Tukatoka barazani kusubiri. Jua likazama, umeme ukakatika, majirani wakazidi kujaa, wataalamu hola. Na shangazi yangu hajawahi kuacha wageni washinde njaa huku kilo nzima ya mchele imekaa bure. Kuchambua mchele gizani nako ni kubahatisha.

Tukala hivyohivyo bila taa, wali na maharage, na ulikuwa mtamu kwa kweli. Mara upande wa dalali kikalia kitu: kraa! Akatema kiganjani. Tukamulika kwa simu: heleri yangu, na kipande cha gego.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo ile milioni 80..."

"Milioni 80 gani?" dalali akafoka, shavu kalishika. "Jino langu analipa nani?"

Shangazi akamuuliza kama amwongeze maharage, maana hayo hayahitaji meno.