Waliobeba vita kichwani

Kila siku maelfu ya watu hupanda daladala za Kariakoo bila kukumbuka kwamba jina hilo limetoka jeshini. Ni Carrier Corps iliyotamkwa kwa ulimi wetu: kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kilipiga kambi mahali hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwezi Septemba 1916. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Naamini majina haya mawili yanasema kweli kuliko masimulizi mengi tuliyosomeshwa kuhusu vita ile, kwa kuwa katika Afrika Mashariki vita ilikuwa kwanza ya mizigo, kisha ndipo ikawa ya bunduki.

Chanzo chake kilikuwa mdudu. Nje ya reli ya Tanga hadi Moshi na ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, farasi, nyumbu na ng'ombe walioingizwa jeshini walikufa kwa wingi kutokana na mbung'o, na masika yalipofika magari yalizama katika matope. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Hebu tupige hesabu ndogo. Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hivi, na yeye mwenyewe akila kilo moja ya unga kwa siku, basi safari ya siku 12 kwenda na 12 kurudi humaliza karibu mzigo wote kabla askari aliyeko mbele hajaonja kitu. Ndiyo maana kila kikosi kilipozidi kusonga kusini, kuelekea Rufiji na baadaye Lindi, walihitajika wapagazi wa kuwalisha wapagazi wengine, na vijiji vikazidi kukamuliwa. Nchini Kenya, mwaka 1917, John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, alisimamia msako wa kukusanya vijana wilaya kwa wilaya. Aliyekuwa na nguvu za kutembea alichukuliwa.

Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha watu wapatao milioni moja katika kazi hiyo, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000. Wachache tu ndio waliouawa kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na mengi ya hayo yangeweza kuzuilika. Mtu aliyezoea kula ndizi nchini Uganda alipewa unga wa mahindi, akausonga jioni juu ya kuni mbichi huku mvua ikinyesha, akaula haujaiva, na tumbo likamharibikia akiwa bado na siku nyingi za kutembea. Wajerumani nao waliwatumia wapagazi kwa namna hiyo hiyo, lakini waliokufa upande wao hawakuandikwa.

Waliobaki vijijini hawakusalimika. Linaloniuma zaidi ni la Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Homa ya mafua ya 1918 iliwakuta watu hao wakiwa wameshadhoofu. Mtoto wa Dodoma anapofundishwa tarehe ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, bila kuambiwa habari za Mtunya, tunakuwa tumemfundisha vita ya watu wengine na kumnyima ile iliyomkuta babu wa babu yake.

Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na askari Waafrika wapatao 1,100 na wapagazi wengi kuliko hao. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa wale askari wake waliokuwa bado hai. Ilikuwa haki yao, na sina kinyongo nao. Nauliza tu kuhusu yule aliyebeba risasi zao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuenziwa kwa majina au hawakuenziwa kabisa.

Katikati ya Dar es Salaam, tangu 1927, amesimama askari wa shaba, bunduki mkononi. Maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini juu yupo askari peke yake. Nairobi walimweka mpagazi ubavuni mwa askari. Ningependa nasi tumchonge wetu, si penye sanamu ile, bali Kariakoo kwenyewe, mahali ambapo hadi leo vijana hupita wakiwa na mizigo kichwani, na achongwe akiwa na gunia la unga.